Sahani Isiyo na Moto Chini Yake

Sikuwasha moto wowote. Nilikuwa nimemimina spiriti kidogo katika sahani nyeusi, nikaichanganya na chembe za ulanga, ule unga unaong'aa ambao hutiwa katika rangi na vipodozi, kisha nikaiacha mezani itulie. Nilitarajia unga uzame polepole na kutanda chini kama vumbi. Kabla sijakaa vizuri kitini, uso mzima ulikuwa umegawanyika katika vyumba vidogo vilivyopakana ukuta kwa ukuta, vingine vya pembe tano, vingi vya pembe sita, mfano wa sega la nyuki lililochorwa na mtu mwenye haraka. Ndani ya kila chumba unga ulipanda katikati, ukasambaa kuelekea kingo, ukazama penye mpaka na chumba jirani, kisha ukarudi chini kwa chini kuianza safari upya.

Sahani ilikuwa na joto lile lile la chumba, na meza vilevile. Maji yanayopashwa katika sufuria huzunguka, na hakuna anayeshangaa, kwa kuwa jiko linaonekana. Hapa palikuwa na mzunguko wa aina hiyo hiyo, ambao wanafizikia huuita konveksheni, lakini jiko halikuwepo. Nilitaka kujua nguvu ile ilitoka wapi, na nilidhani jibu lingenichukua jioni moja.

Sehemu ya kwanza ya jibu ni rahisi, na kila aliyewahi kupakwa spiriti kabla ya kuchomwa sindano anaijua kwa ngozi yake. Mvuke hauondoki mikono mitupu. Kila molekuli inayochomoka kutoka katika kimiminika huchukua nishati kutoka kwa zile zinazobaki, na kwa hiyo uso unaokauka hupoa. Nishati hiyo huitwa joto fiche: kugeuza gramu moja ya maji kuwa mvuke katika nyuzi 20 za Selsiasi kunahitaji takriban jouli 2,450, ilhali gramu moja ya ethanoli, ambayo ndiyo kiini cha spiriti, inahitaji takriban jouli 900 tu. Ethanoli hata hivyo hupoza zaidi, kwa sababu huvukiza haraka mno kuliko maji. Basi tabaka la spiriti lililo wazi hewani huwa na uso uliopoa na sakafu yenye vuguvugu la meza, na kwa kimiminika chenyewe hali hiyo haina tofauti na kupashwa kutoka chini. Jiko lilikuwepo, ila lilikuwa limegeuzwa juu chini: badala ya kitu kinachotia joto chini, palikuwa na kitu kinachoiba joto juu.

Kulithibitisha hilo hakuhitaji maabara. Nilifunika sahani kwa kipande cha kioo. Hewa iliyobanwa chini ya kioo ilijaa mvuke, uvukizaji ukafifia, na ndani ya dakika moja hivi vyumba vilififia navyo, mipaka yao ikapoteza ukali, unga ukaanza kuelea bila mwelekeo. Nilipoondoa kioo, vyumba vilirudi baada ya sekunde kumi na kitu. Muda huo si wa kubahatisha. Katika tabaka la ethanoli lenye kina cha milimita moja, joto huhitaji takriban sekunde 11 kupenya kutoka upande mmoja hadi wa pili, kwa hiyo uso ukianza kupoa ghafla, habari hizo huchukua kiasi hicho cha muda kuifikia sakafu. Nilirudia mchezo wa kufunika na kufunua mara nyingi kuliko ilivyohitajika. (Atakayejaribu afungue madirisha kwanza na ahakikishe hakuna moto wala cheche karibu, maana mvuke wa spiriti hushika moto upesi na huwa haumngoji mtu.)

Baada ya hapo nilijiambia kwamba kazi imekwisha. Uso umepoa, kilichopoa ni kizito, kizito huzama, chepesi hupanda, mzunguko unaanza. Maelezo hayo ni mazuri, yanaeleweka, na kwa tabaka jembamba kama langu si sahihi. Nilijifariji nilipogundua kwamba kosa hilo hilo liliwahi kuaminiwa kwa miaka 40 na watu wenye akili kunishinda.

Mwaka 1900 Mfaransa kijana aitwaye Henri Bénard alikuwa akifanya utafiti wa shahada yake ya udaktari mjini Paris. Alichukua nta inayopatikana kichwani mwa nyangumi, akaiyeyusha, akaitandaza juu ya bamba la chuma lililopashwa kwa mvuke wa maji, katika tabaka lenye unene wa milimita moja au pungufu, huku uso wake wa juu ukiwa wazi hewani. Alipata vyumba vya pembesita vilivyojipanga kwa nidhamu ambayo hadi leo picha zake zinaivutia macho. Mwaka 1916 Lord Rayleigh, mwanafizikia Mwingereza aliyekuwa tayari na Tuzo ya Nobel, aliandika nadharia ya kueleza vyumba hivyo. Hoja yake ilikuwa ile ile niliyojiambia mezani, ila yeye aliipa hesabu. Kimiminika chepesi kilicho chini kinataka kupanda, lakini kinazuiwa na mambo mawili: mnato, ambao hukivuta nyuma kama mtu anayetembea kwenye tope, na kusambaa kwa joto, ambako humaliza tofauti ya joto kabla safari haijafika mbali. Uwiano wa msukumo na vizuizi hivyo huitwa namba ya Rayleigh. Ikiwa ndogo, kimiminika hutulia na joto hupenya kimya kimya. Ikivuka kizingiti fulani, ambacho kwa tabaka lenye sakafu ngumu na uso ulio wazi ni takriban 1,100, utulivu huvunjika.

Nadharia hiyo ni sahihi kabisa, na inaeleza mengi yanayotokea katika vimiminika vyenye kina na katika hewa. Tatizo ni kwamba haikuhusu jaribio la Bénard. Tabaka lake lilikuwa jembamba mno: ukiweka vipimo vyake katika hesabu ya Rayleigh, unapata namba iliyo chini sana ya kizingiti, maana yake ile nta haikupaswa kusogea hata kidogo. Isitoshe, Bénard mwenyewe alikuwa amegundua kwamba uso wa nta unabonyea katikati ya kila chumba, pale pale ambapo kimiminika chenye joto kinapanda. Kama uzito pekee ndio ungekuwa unasukuma, mkondo unaopanda ungepaswa kuuinua uso uwe kama kichuguu kidogo. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho ya kila mtu, lakini hesabu nzuri ina tabia ya kuwatuliza watu.

Nguvu halisi ilikuwa katika uso. Molekuli zilizo ndani ya kimiminika huvutwa na wenzake kutoka pande zote, ilhali zile za juu kabisa hazina wenzake upande wa hewa, na kwa hiyo uso hujikaza kama ngozi ya ngoma. Kukaza huko ndiko kunakoitwa mvutano wa uso. Kwa maji katika nyuzi 20 ni takriban milinyutoni 73 kwa kila mita, na kwa ethanoli ni takriban 22. Jambo la maana kwetu ni kwamba mvutano hupungua joto linapoongezeka. Chukulia kwamba kwa bahati tu sehemu moja ya uso imepata joto kidogo kuliko majirani zake. Pale ngozi imelegea, na pembeni imekaza. Ni kama mchezo wa kuvuta kamba ambapo timu ya katikati imechoka: uso unavutwa kutoka penye joto kuelekea penye baridi, na unaburuta kimiminika kilicho chini yake. Nafasi iliyoachwa katikati lazima ijazwe, na kinachoweza kuijaza ni kimiminika kutoka chini, ambacho kina joto zaidi. Kwa hiyo sehemu iliyokuwa na joto kidogo inapata joto zaidi, inalegea zaidi, na inavutwa zaidi. Huko kingoni, kimiminika kilichoburutwa kimepoa njiani kwa kuvukiza, kinakutana na kile kinachotoka chumba jirani, na vyote viwili havina pa kwenda isipokuwa chini.

Ndiyo maana katikati hubonyea: kimiminika hakipandi kwa kusukumwa, bali hunyonywa na uso unaokimbia pande zote.

Wazo kwamba tofauti ya mvutano husababisha mwendo lilikuwa la zamani. James Thomson, kaka yake mwanafizikia Lord Kelvin, alilieleza mwaka 1855 alipokuwa akichunguza matone yanayopanda na kuteremka kwenye kuta za glasi ya mvinyo, na Carlo Marangoni wa Italia aliliandikia tasnifu mwaka 1865, akabahatika jambo lote kuitwa kwa jina lake. Hakuna aliyelithibitisha katika vyumba vya Bénard hadi mwaka 1956, wakati M. J. Block alipoonyesha kwamba ukitandaza utando mwembamba sana wa kitu kingine juu ya uso, mzunguko hukoma, ingawa tofauti ya joto na ya uzito zimebaki vilevile. Miaka miwili baadaye J. R. A. Pearson aliandika hesabu kamili. Rayleigh na Bénard wote walikuwa wameshafariki.

Katika makala ya Pearson kuna hoja moja ninayoipenda kuliko milinganyo yote. Rangi inayokauka hujigawa katika vyumba kama vile vya sahani yangu, na mafundi wanalijua hilo kwa sababu vyumba hivyo vikigandia humo huacha uso wenye vishimo kama ganda la chungwa. Vyumba hivyo hutokea hata pale rangi inapokuwa upande wa chini wa ubao, uso wake ukitazama sakafu. Katika hali hiyo kimiminika kilichopoa kiko chini tayari, na kilicho chepesi kiko juu tayari. Uzito hauna sababu ya kusogeza chochote. Lakini uso haujui juu wala chini, unajua tu mahali palipokaza na mahali palipolegea. Baadaye ushahidi wa namna hiyo ulitoka mbali zaidi: katika safari za Apollo 14 mwaka 1971 na Apollo 17 mwaka 1972, wanaanga walipasha tabaka jembamba la mafuta yaliyotiwa chembe za alumini, na vyumba vikajitokeza mahali ambapo uzito haukuwepo kabisa kwa vitendo.

Nilirudi mezani nikiwa na hesabu mbili na hamu ya kujua ipi inaitawala sahani yangu. Mililita 11 katika sahani bapa yenye kipenyo cha sentimita 12 hutoa kina cha takriban milimita moja, ukipuuza kupinda kwa kimiminika kingoni. Nilichukulia kwamba hewa ya chumba imetulia kiasi cha kuufanya mvuke usafiri sentimita moja hivi kabla haujapeperushwa. Kwa ethanoli safi katika nyuzi 20, hapo zinavukizwa takriban gramu 0.13 kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, na joto linaloibwa linafikia wati 120 kwa kila mita ya mraba. Ili joto kiasi hicho lipenye milimita moja ya ethanoli, uso lazima uwe na baridi kuliko sakafu kwa nyuzi 0.7. Hata nyuzi moja haijatimia! Ukiingiza tofauti hiyo katika hesabu ya Rayleigh, unapata namba isiyofika 60, mbele ya kizingiti cha 1,100. Ukiiingiza katika namba ya Marangoni, ambayo ndiyo uwiano wa nguvu ya uso na vizuizi vile vile viwili, unapata takriban 550, ilhali kizingiti alichokipata Pearson ni kama 80 tu. Uzito haukaribii hata mlangoni, na uso umeshaingia ndani ukakaa.

Kinachoamua ni kina. Kasi ya kuibwa joto ikibaki ile ile, tofauti ya joto kati ya juu na chini huongezeka sambamba na kina, hivyo namba ya Marangoni hukua kwa mraba wa kina na ya Rayleigh kwa kipeo cha nne. Kwa hiyo ukiongeza spiriti, uzito huamka haraka. Kwa makadirio yangu ungeanza kusikika katika milimita 2 hivi. Ukipunguza, uzito hufa mapema na uso hubaki peke yake mpaka karibu na milimita 0.4, ambapo nao hukosa nguvu.

Uvukizaji, hata hivyo, si rafiki wa moja kwa moja wa mzunguko anaouzaa. Penye joto katikati ya chumba huvukiza zaidi kuliko pembeni, na kwa kuvukiza zaidi hupoa zaidi, maana yake ni kwamba uvukizaji huo huo ulioanzisha tofauti kati ya juu na chini hufanya kazi ya kusawazisha tofauti kati ya katikati na kingo, ambayo ndiyo inayovuta uso. Kizingiti cha 80 ni cha uso ambao hauna tabia hiyo. Uso unaovukiza huhitaji zaidi. Kwa tabaka jembamba la ethanoli katika joto la kawaida la chumba nyongeza hiyo ni ndogo, kwa sababu nyuzi moja ya ziada huongeza mvuke kwa asilimia 6 hivi tu.

Mpaka hapo nilikuwa nimeridhika, nikaamua kuonyesha jambo lile lile kwa maji, nikidhani kwamba mvutano mkubwa wa maji ungetoa onyesho kubwa zaidi. Nilipata sahani ya maji yaliyotulia tuli. Nikayapasha moto kidogo kutoka chini. Unga ukasogea kivivu, bila vyumba vyenye mipaka ya kueleweka. Niliosha sahani, nikaifuta kwa kitambaa, nikajaribu tena, na hapakuwa na mabadiliko.

Kitambaa kilikuwa sehemu ya tatizo. Mvutano mkubwa wa maji ndio unaoyafanya yawe mateka wa uchafu: karibu kila kitu, mafuta ya vidole, mabaki ya sabuni, hata kilichomo hewani, kina mvutano mdogo kuliko maji, na kwa hiyo hukimbilia juu na kutanda huko. Uso ukianza kuvutwa kutoka katikati kwenda kingoni, huburuta utando huo na kuurundika kingoni. Pale unaporundikana mvutano hupungua, na kile kilichopaswa kuwa upande uliokaza kinalegezwa. Tofauti ya joto inavuta upande mmoja, tofauti ya uchafu inavuta upande wa pili, na kamba inasimama. Hicho ndicho Block alichokifanya kwa makusudi, nami nikakifanya kwa kitambaa. Katika spiriti hatari hiyo ni ndogo, kwa sababu mvutano wake ni mdogo tayari na si vitu vingi vinavyoweza kuupunguza zaidi. Watengenezaji wa rangi hutumia udhaifu huo wa uso kwa faida yao: huongeza kiasi kidogo cha viungo vya silikoni vinavyotanda juu, uso ukakosa sababu ya kuvutana, na ganda la chungwa halitokei.

Kisha nikakumbuka jambo ambalo lingepaswa kunisumbua tangu mwanzo. Spiriti ya dukani si ethanoli safi. Ina maji ndani yake. Ethanoli ikitangulia kuondoka, uso hubaki na maji mengi zaidi kuliko ndani, na maji yana mvutano mkubwa. Kwa hiyo kimiminika kilichokaa juu kwa muda na kufika kingoni hukaza kwa sababu mbili, kwa kupoa na kwa kupungukiwa na ethanoli, na sababu hizo mbili huvuta upande mmoja. Mbaya zaidi kwa hesabu yangu, maji na ethanoli huchanganyika polepole, takriban mara mia polepole kuliko joto linavyosambaa, kwa hiyo tofauti ya mchanganyiko ikishajitokeza haifutiki upesi. Vyumba nilivyovishangilia jioni ya kwanza huenda vilisukumwa na mchanganyiko zaidi kuliko joto. Nilikuwa nimemkosoa Rayleigh kwa kutoa maelezo sahihi ya jaribio jingine, na mimi nikafanya hivyo hivyo.

Nilinunua ethanoli ya asilimia 99 na kuanza upya, safari hii sahani ikiwa imesuuzwa kwa ethanoli hiyo hiyo na kuachwa ikauke yenyewe. Vyumba vilitokea. Vilikuwa vitulivu kuliko vya spiriti, mwendo wake wa taratibu, mipaka yake iliyonyooka zaidi, na nilipoweka rula juu ya sahani niliona vyumba vitano hivi katika sentimita moja na nusu, yaani upana wa milimita 3 kwa kina cha milimita moja, jambo linalokubaliana na hesabu ya Pearson kwamba chumba huwa na upana wa takriban mara tatu ya kina.

Niliiacha ikauke huku nikitazama. Kadiri tabaka lilivyopungua kina, vyumba navyo vilipungua upana. Vikubwa vilipasuka katikati vikawa viwili, na idadi yake iliendelea kuongezeka mpaka nikashindwa kuhesabu. Yapata saa moja baadaye mwendo ulikwisha bila kishindo. Kimiminika kilikuwepo bado, kinameta, kinavukiza, uso wake una baridi kama awali, lakini hakikuwa na kina cha kutosha kuzunguka. Unga ulibaki pale ulipokuwa wakati mwendo unakoma, umerundikana zaidi kwenye mipaka. Ethanoli ya mwisho ilipokauka, sahani ilibaki na mtandao mwembamba wa mistari ya fedha, vyumba vya upana wa milimita moja na kitu, na karibu na ukingo pete nene ambayo haikuwa sehemu ya mtandao huo.

Pete hiyo ina sababu yake yenyewe: ukingo hukauka haraka kuliko katikati, kimiminika hukimbilia huko kuziba pengo na kubeba unga pamoja nacho, kama inavyotokea katika tone la kahawa, jambo ambalo Robert Deegan na wenzake walilieleza mwaka 1997. Katika sahani ile ile, basi, uso ulikuwa ukichora mtandao wake katikati, na uvukizaji wa ukingoni ukichora pete yake pembeni. Mahali michoro hiyo miwili inapokutana, kiasi cha sentimita nzima kutoka ukingoni, mistari imevurugika na vyumba vimerefuka kama vilivyovutwa kuelekea nje. Sehemu hiyo bado sijaifanyia hesabu.